Majirani Waliohamia Mikumi

Bi Chausiku binti Kondo alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akaitika. Alizaliwa Mbagala, enzi hizo Mbagala ikiwa mikorosho, mibungo na nyumba za makuti zilizotawanyika kama njugu zilizomwagika. Mtu akienda kuuza mihogo Kariakoo aliagwa kama msafiri, na akirudi aliulizwa habari za mjini kana kwamba ametoka ng'ambo.

Huko Mbagala walikuwa na majirani ambao hakuna aliyewaalika. Walikuwa simba. Walikaa kwenye vichaka vya kushukia Mto Mzinga, na toka hapo kwenda Kongowe, Vikindu na mbele zaidi, pori lilikuwa lao. Jua likizama watoto walikatazwa kuwataja kwa jina. Ukitaka kuwasema uliwaita "wenyewe". Wenyewe wameamka. Wenyewe wamepita jana kwa mzee fulani, wameondoka na mbuzi. Watu wazima waliwaogopa na kuwaheshimu kwa pamoja, kama wanavyomwogopa mkwe.

Chausiku alikuwa msichana mdogo bado alipowaona kwa macho yake. Shamba la mpunga la kwao lilikuwa bondeni, na kazi yake ilikuwa kuamia ndege wasile mpunga, pamoja na shangazi yake, Mwanabaraka. Asubuhi moja wamekaa juu ya dungu, kile kilingo cha miti, ukungu haujaondoka vizuri, akatoka simba jike kwenye matete ya upande wa pili wa mto. Nyuma yake watoto watatu. Shangazi akamziba Chausiku mdomo kwa kiganja. Lakini Chausiku hakuwa na habari ya kupiga kelele. Alikuwa anaangalia. Jike likanywa maji. Watoto wakaanza kupigana mieleka ukingoni, mmoja akateleza akaingia majini chubwi! Mama yake akamtoa kwa mdomo, akamweka chini, akamlamba huku anamnung'unikia, sawasawa na mama yake Chausiku alivyokuwa akimwogesha yeye kwa ghadhabu.

"Anamsema," Chausiku alinong'ona kupitia vidole vya shangazi.

Wakarudi mateteni wakapotea. Shangazi Mwanabaraka aliugua homa ya woga wiki nzima. Chausiku alirudi bondeni kesho yake, akakaa dunguni akitazama ng'ambo, akawangoja kama mtu angojaye wageni.

Miaka ikapita. Pori likafyekwa, mikorosho ikaongezeka, watu wakaja na watu wakaja. Chausiku akaolewa na kuli wa bandarini, akamzaa Mfaume, baadaye akafiwa na mumewe, akabaki na mwana na shamba. Katika hayo yote ilipita siku ambayo ilikuwa ya mwisho kusikia wenyewe wakinguruma Mbagala, na hakuna aliyejua kwamba ndiyo ya mwisho. Baadaye sana mtu akasema, "Jamani, mbona siku hizi kimya?" Ndipo watu wakaanza kukumbuka. Wengi walishukuru Mungu. Chausiku alishukuru pia, maana alikuwa na mbuzi. Ila moyoni kilimkaa kitu. Jirani akihama bila kuaga, hata kama alikuwa mkorofi, unabaki ukijiuliza: amehamia wapi?

Uhuru ukaja, na pamoja na Uhuru wakaja majirani wa aina nyingine. Kwenye kiwanja cha mkono wa kulia akajenga Mmakonde mmoja, Romani, mchonga vinyago, na mkewe Eufrazia. Eufrazia alikuwa mrefu, mkavu, mwenye nembo nzuri za kuchanjwa usoni na maneno machache. Mwezi wa kwanza wanawake hawa wawili walisalimiana kwa kutazamana tu. Mwezi wa pili kuku wa Chausiku akataga kwa Eufrazia, na Eufrazia akayarudisha mayai yote kwenye kawa. Toka hapo wakawa mashoga. Chausiku akienda msikitini Eufrazia anamwangalizia chungu. Eufrazia akienda kanisani Chausiku anawakanya watoto wake. Wakaitana Mama Mfaume na Mama Albano, na wakigombana wakaitana kwa majina yao kamili, mtaa mzima ukasikia.

Kitu kimoja tu hawakuafikiana. Chausiku akianza hadithi yake ya simba wa Mto Mzinga, Eufrazia alikuwa akiinuka.

"Mie hizo habari siziwezi," alisema. "Kwenu walikuja kunywa maji. Kwetu walikuja kunywa watu."

Kwao kulikuwa upande wa Ndanda, kusini. Alipokuwa msichana, simba mmoja alizoea nyama ya binadamu. Wakawa wanakwenda kisimani kwa kundi, na mtu wa kupiga debe mbele na nyuma. Hata hivyo akamchukua baba yake mdogo mchana, akiwa analima. Eufrazia alipoolewa alitembea na mumewe kwa miguu hadi Lindi kupanda meli, na njia nzima alishika shati la Romani kwa nyuma. Alipokanyaga Dar es Salaam aliapa kwamba njia ile hatairudia. Sasa mabasi yalikuwepo, lakini yeye alisema basi huharibika, na likiharibika watu hulala porini. Mama yake alikuwa hai. Kila mtu aliyetoka kusini alileta salamu zilezile: mwambieni mwanangu aje nimwone, macho yangu haya hayana siku nyingi. Eufrazia alifunga khanga mpya na sabuni, akamkabidhi msafiri, akaingia ndani. Siku kama hizo Chausiku hakumsemesha. Alimpelekea tu chakula.

Ikafika miaka ya elimu ya watu wazima. Kila tawi darasa, kila jioni watu wazima wenye vibao na chaki, na balozi wa nyumba kumi akipita kuuliza nani hajatokea. Darasa lao lilikuwa ndani ya ofisi ya chama, na mwalimu wao alikuwa kijana mpole anayeitwa Ansbert, ambaye aliona haya kumsahihisha mtu wa rika la mama yake. Akikuta kosa alisema, "Hapa, mama, herufi imechoka kidogo. Tuisimamishe." Wanawake walimpenda kufa.

Jioni moja aliandika ubaoni: Simba anaishi porini, mbali na watu. Akamwita Chausiku asome. Chausiku akasoma neno kwa neno, kidole hewani, darasa likapiga makofi. Kisha akabaki amesimama.

"Mwalimu, nimesoma, lakini sikubali."

"Hukubali nini, mama?"

"Simba aliishi hapahapa. Nikitupa jiwe toka hapa linaangukia kwake."

Darasa likaangua kicheko. Mtu akasema labda ni wale wa mpira. Lakini Ansbert hakucheka. Aliweka chaki chini, akavuta kiti, akasema, "Hebu tuambie." Naye akawaambia: dungu, ukungu, watoto watatu, yule aliyetumbukia. Alipomaliza, wazee wawili wa Kizaramo waliokaa nyuma wakasema ni kweli, na mmoja akaonyesha upande ambao baba yake alijenga zizi la magogo makubwa. Wengi wa darasa walikuwa wageni waliokuja baada ya Uhuru. Wakatazama nje, kwenye nyumba za bati na duka la ushirika, kama watu walioambiwa kwamba chumba wanacholala kilikuwa cha mtu mwingine.

"Basi walikwenda wapi?" akauliza mmoja.

"Ndiyo ninayouliza miaka yote," alisema Chausiku. "Sie tukihamishwa tunaitiwa mkutano. Wenzetu hata mkutano hawakuitiwa."

Ansbert akafuta maneno kadhaa ubaoni, akaongeza mengine, sentensi ikawa: Zamani simba aliishi Mbagala. Jioni hiyohiyo akasema kwamba wengi walioondoka pwani hawakuhama, walikufa. Lakini simba bado wapo wengi tu nchini, na walio karibu zaidi wako Mikumi, mbele ya Morogoro, mahali serikali ilipowatengea.

"Kumbe wamepelekwa kijijini!" akasema Chausiku, na safari hii hata mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Ulipofika mwaka wa mtihani mkubwa wa kusoma na kuandika, darasa lao lilifaulu, wazee kwa vijana. Tawi likasema lazima kuwe na pongezi. Wengine walitaka pilau, wengine ngoma. Chausiku akasimama, akaipandisha khanga yake kifuani, akasema pilau watapika wenyewe na ngoma watacheza wenyewe, lakini yeye anataka lori. Mwanawe Mfaume alikuwa dereva wa lori la ushirika. Waende Mikumi, wakawaone majirani. Kulikuwa na kelele kidogo, kisha mikono ikanyooka, mingi kuliko alivyotarajia.

Mkono wa Eufrazia haukunyooka.

Alfajiri ya safari lori lilipopiga honi, Chausiku alikuwa amevaa doti mpya na hina mkononi, kama mtu aendaye kwa wakwe. Akaenda kubisha kwa jirani.

"Mama Albano, hodi."

"Nimeshasema siendi."

"Sikuja kukuchukua. Nimekuja kukuaga. Nikiliwa, kuku wangu wote ni wako."

Kisha sauti toka ndani: "Yule jogoo mwekundu pia?"

"Na yeye."

Mlango ukafunguka. Eufrazia alikuwa amekwisha kuvaa, kikapu mkononi, kitambaa kichwani. Inaonekana hakulala. "Jogoo mwenyewe mzee," alisema, "hana nyama," akapita mbele kwenda kwenye lori.

Waliimba Kibaha, wakaimba Chalinze. Morogoro walilala madarasani, kwenye shule moja ambayo mkuu wake alifahamiana na Ansbert, na asubuhi kabla ya umande kukauka wakaingia mbugani. Walipewa askari wa wanyama aitwaye Salumu, mtu wa maneno ya taratibu, aliyepanda mbele na Mfaume. Waliona twiga, wakanyamaza kwa heshima. Waliona tembo, wakamtaja Mungu kila mtu kwa namna yake. Waliona nyumbu na pundamilia wengi, wakachoka kuonyeshana. Eufrazia alikaa katikati kabisa ya lori, amezungukwa na watu pande zote, turubai limemfunika hadi shingoni, akawa anaulizia tu: "Ni nini hicho? Ni nini hicho?"

Simba hawakuonekana. Jua likapanda. Utani ukaanza.

"Mama Mfaume, majirani zako wamesikia unakuja, wamekimbia."

"Labda wamekwenda mkutanoni."

"Subirini," alisema Chausiku. Aliogopa jambo ambalo hakulitegemea: kwamba watakuwepo, naye asihisi chochote, awe tu bibi aliyesumbua watu kwa hadithi ya utotoni.

Ndipo Mfaume akapunguza mwendo. Salumu alikuwa amenyoosha mkono nje, kimya, akionyesha kivuli cha mti wa mgunga si mbali na njia. Lori likajongea, likazima.

Walikuwa ukoo mzima. Majike manne yalikuwa yamekaa kando ya nyumbu aliyeuawa, watoto wamelala juu ya migongo yao, ndimi nje kwa joto. Na dume, kubwa, manyoya ya shingo meusi, lilikuwa peke yake kwenye nyama, likila taratibu kama mtu asiye na haraka wala aibu.

"Nani kawinda?" Chausiku alimnong'oneza askari.

"Majike, mama. Majike ndiyo yanayohangaika."

"Na yule?"

"Yule anakula kwanza. Wengine baadaye."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, pole pole lakini kila mtu akasikia, "Huyo ni mwenyekiti." Basi, hapo kicheko kilichoanza kilikuwa kile cha kanisani na msikitini, cha kuzibwa kwa khanga, kinachouma mbavu kwa sababu hakiruhusiwi. Lori zima likatikisika. Mwenyekiti mwenyewe wa tawi, ambaye alikuwemo, alicheka kuliko wote, au alijua hana namna.

Dume likashiba. Likatembea hatua chache, likajibwaga chali, miguu minne juu, tumbo kama ngoma, likapiga chafya. Nzi wakaruka, wakarudi. Na hapo ndipo turubai lilipofunuka. Eufrazia alisimama. Alitaka kuona ni nini kinachochekesha mahali kama pale. Akamwona. Akamtazama muda mrefu, yule mnyama aliyemfungia njia ya kwao tangu ujana wake, amelala chali kama mlevi wa sikukuu.

Mdomo ukaanza kumtetemeka. Chausiku alidhani analia, akamshika mkono. Hakuwa analia. Eufrazia alivuta pumzi, akapaza sauti ambayo mashoga zake hawajapata kuisikia, akaanza kumkaripia simba kwa Kimakonde. Alimtaja baba yake mdogo kwa jina. Alimtaja mama yake. Wasiojua Kimakonde walielewa kila kitu. Alisema mengi, mkono kiunoni, kidole hewani, na askari Salumu akawa anapunga mkono dirishani, "Mama, mama, taratibu mama!"

Dume likageuka, likainuka. Likamtazama. Kisha likafungua kinywa.

Ambaye hajasikia simba akinguruma kwa karibu hawezi kusimuliwa. Sauti haiingii masikioni, inaingia tumboni. Lori lilitetemeka mbao zake. Wanafunzi waliohitimu elimu ya watu wazima walijilaza wote kwa mara moja, mmoja juu ya mwingine, vikapu, viatu, chungwa likaviringika, Mwalimu Ansbert akajikuta chini ya bibi wawili. Waliobaki wamesimama walikuwa wanawake wawili tu wameshikana mikono. Mmoja hakuweza kukaa kwa hasira. Mwingine machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na anatabasamu.

"Ndiye!" Chausiku alisema. "Ndiye mwenyewe! Hivyohivyo walivyokuwa!" Kisha akapiga kigelegele kirefu, chembamba, kama cha kumpokea bwana harusi, na sauti yake ile ya kuvuka mabonde ikaenda mbugani hadi nyumbu wakainua vichwa.

Dume likawatazama kidogo zaidi. Likaona hakuna la maana. Likarudi kulala.

Ikawa zamu ya Eufrazia kucheka. Alianza kidogo kidogo, akaketi juu ya watu, akacheka mpaka akaomba maji. Njiani kurudi alikaa ukingoni mwa lori, upepo usoni, akiimba nyimbo za unyago wa kwao ambazo hakuna aliyezijua, na watu wakaitikia hivyohivyo.

Walipofika Mbagala, kabla hajashuka, alimgeukia shoga yake. "Mama Mfaume. Mie nakwenda kwetu kabla ya mvua. Nisindikize."

"Basi likiharibika?"

"Likiharibika utapiga kigelegele."

Walikwenda. Romani aliwafungia kinyago kidogo cha mpingo cha kumpelekea mama mkwe, na Mfaume aliwapeleka stendi. Wakavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, wakala vumbi la njia ya kusini, na basi kweli liliharibika, karibu na Nangurukuru. Abiria walishuka wakakoka moto mchana kweupe na kuchoma mihogo. Eufrazia alitembea peke yake hadi mtoni kunawa uso, akarudi polepole. Chausiku alimhesabia hatua moyoni.

Ndanda walimkuta mama amekaa kwenye mkeka anapepeta mtama. Macho yalikuwa yamefifia sana, lakini mikono ilikuwa mizima. Alimshika binti yake uso, akapapasa zile nembo moja moja kwa kidole gumba, mpaka akafika kidevuni.

"Nilizichagua mimi hizi," alisema. "Huyu ni wangu." Kisha akanyoosha mkono wa pili hewani. "Na huyu mwingine anayepumua kwa nguvu ni nani?"

"Shikamoo mama," alisema Chausiku. "Mie jirani yake."

Walikaa hadi mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika. Jioni moja watu wa kijiji walikuja kuwasikiliza wageni. Chausiku aliuliza habari za wenyewe, wakamwambia bado wapo, ila siku hizi wamerudi nyuma, upande wa Liwale, kwenye pori kubwa lisilo na watu, na mara mojamoja nyayo huonekana kiangazi. Hakuna aliyezungumza kwa mzaha. Akawasimulia ya Mikumi, ya mwenyekiti na nyama yake, na yule bibi wa macho yaliyofifia alicheka akamwagikiwa na uji. Akataka binti yake arudie yale aliyomwambia simba, neno kwa neno, mbele ya ndugu wa marehemu baba yake mdogo. Eufrazia akasimama akayarudia. Walipiga ngoma baada ya hapo, na Chausiku wa Mbagala, mwenye miaka zaidi ya hamsini, alijifunza mchezo wa kusini akiwa amevua viatu, akakosea kila hatua, na watoto wa Ndanda wakamfuata nyuma wakikosea makusudi kama yeye.